Treiti Inapoidai Klasi Intafesi: Nani Atie Saini?

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha kati yetu tunaoandika programu kwa lugha ya PHP hapa Mbeya na wenzetu wa Iringa, lipo moja ambalo kwa mtu wa nje linaonekana dogo mno kustahili makala nzima. Treiti, yaani kipande cha msimbo kinachochomekwa ndani ya klasi nyingi (klasi ni kiolezo cha msimbo kinachoeleza aina moja ya kitu) ili kazi isiandikwe upya, mara nyingi huitegemea klasi iliyokipokea: huita methodi, yaani kazi zenye majina zinazoandikwa ndani ya klasi, ambazo yenyewe haina, ikitumaini kwamba mwenyeji wake anazo. Je, lugha iiruhusu treiti kusema wazi kwamba klasi yoyote itakayoitumia ni lazima iwe imetekeleza intafesi fulani, yaani orodha yenye jina ya methodi ambazo klasi huahidi kuwa nazo, na isipofanya hivyo ikataliwe kabla programu haijaanza kazi? Mimi nasema ndiyo, lakini kwa hali moja tu, na nitajitahidi kueleza kwa nini hali hiyo ni moja na si kila mahali, kwa sababu wanaounga mkono jambo hili mara nyingi hulitaka lote kwa pamoja, na wanaolipinga hulikataa lote kwa pamoja.

Wazo la treiti linalozungumzwa leo liliwekwa vizuri mwaka 2003, pale Nathanael Schärli, Stéphane Ducasse, Oscar Nierstrasz na Andrew Black walipolieleza katika mkutano wa ECOOP, wakitumia Squeak, aina mojawapo ya Smalltalk. Katika maelezo yao treiti ilikuwa na pande mbili tangu mwanzo: methodi inazozitoa na methodi inazozihitaji. Hitaji halikuwa aibu ya kufichwa, bali lilikuwa sehemu ya treiti yenyewe, nayo klasi ndiyo iliyobeba jukumu la kuunganisha pande hizo. PHP ilipopata treiti katika toleo la 5.4, Machi 2012, ilirithi upande wa kutoa kwa ukarimu mkubwa, lakini upande wa kuhitaji ikaupa chombo kimoja tu: methodi ya `abstract` inayoandikwa ndani ya treiti, yaani methodi iliyotajwa bila mwili ili klasi ndiyo iuandike. Hata chombo hicho kilichelewa kukomaa, kwa maana ni kuanzia PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, ambapo saini ya methodi hiyo (aina za inavyopokea na ya inachorudisha) hukaguliwa ipasavyo dhidi ya ile iliyoandikwa katika klasi, na ni toleo hilohilo lililoruhusu methodi ya aina hiyo iwe `private`, yaani isiyoonekana nje ya klasi.

Kwa mahitaji mengi chombo hicho kinatosha kabisa. Treiti ikitaka methodi moja, iitaje. Klasi isipokuwa nayo, PHP hugoma mara tu klasi inapopakiwa, nasi tunaliona kosa tukiwa bado mezani. Sioni haja ya kuongeza sherehe juu ya hilo. Tatizo linaanza pale treiti inapohitaji kitu kisichotajika kwa jina la methodi, na njia fupi ya kulionyesha ni kuchukua kazi ya aina tunayoletewa mara kwa mara katika nyanda hizi, yaani programu ya kupokelea mazao katika chama cha msingi cha ushirika.

Chama kinapokea kahawa Mbozi, au majani mabichi ya chai Rungwe, na wakati mwingine kinauza mbolea kwa wanachama haohao. Mapokezi ya kahawa ni klasi, mapokezi ya chai ni klasi nyingine, mauzo ya mbolea ni klasi ya tatu, na zote tatu zinapaswa kutoa stakabadhi kupitia printa ndogo ya mkononi ambayo karani anaiweka kando ya mizani. Hazina mzazi mmoja wa maana, kwa hiyo treiti inafaa:

```php
trait HutoaStakabadhi
{
    abstract protected function kilo(): float;

    public function toaStakabadhi(Printa $printa): void
    {
        if ($this->kilo() <= 0) {
            throw new DomainException('Mzigo haujapimwa.');
        }

        $printa->andika($this);
    }
}
```

Msomaji atazame mstari wa mwisho wa methodi hiyo. Hitaji la `kilo()` limetajwa, na PHP italisimamia. Lakini `$printa->andika($this)`, ambapo `$this` ni kitu chenyewe cha klasi mwenyeji, inabeba hitaji la pili ambalo halikuandikwa popote, kwani `andika()` katika klasi ya `Printa` imetangazwa kupokea kitu chenye intafesi ya `InaStakabadhi`. Klasi ya mapokezi inaweza kuwa na kila methodi iliyomo katika intafesi hiyo, zote zikiwa na saini sahihi, na bado ikakataliwa, kwa sababu PHP haiangalii methodi ulizonazo bali inaangalia kama umeandika `implements InaStakabadhi` kwenye kichwa cha klasi. Na hukataliwa lini? Si klasi inapopakiwa, bali ni pale mstari ule unapofikiwa. Ikiwa majaribio yetu hayakupita hapo, wa kwanza kuliona kosa ni karani wa kituo cha kununulia, mbele ya foleni ya wakulima waliobeba magunia, na ujumbe anaouona unazungumzia `TypeError`, yaani kosa la aina.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Treiti inapoita methodi ya mwenyeji wake, hitaji lake ni la methodi, na `abstract` inalimaliza. Treiti inapomkabidhi mwenyeji wake kwa mtu wa tatu, kwa kuipitisha `$this` nje au kuirudisha kama jibu la methodi, hitaji lake ni la aina, na hakuna idadi ya methodi za `abstract` inayoweza kulieleza. Katika hali hii ya pili treiti inastahili kuwa na haki ya kudai intafesi, na lugha inayoinyima haki hiyo inamlazimisha mwandishi wa treiti aandike dai lake katika maelezo ya pembeni, ambayo sote tunajua yanasomwa lini.

Mwenzangu mmoja wa Iringa, ambaye ana desturi ya kuusoma msimbo wa wengine kwa jicho la mkaguzi wa hesabu, aliniambia: "Kaka, hapo unamfanyisha mtu kazi mara mbili. Treiti ndiyo yenye methodi, treiti ndiyo yenye kudai intafesi, halafu bado unataka klasi nayo iandike `implements`. Si treiti itekeleze intafesi yenyewe, basi yaishe?" Nilimjibu, "Dada, ikiisha hivyo ndipo matatizo yanapoanza," lakini hoja yake si nyepesi, na wala si ya kwake peke yake. Waliotunga PSR-3, ule utaratibu wa pamoja wa kumbukumbu za matukio katika PHP, walikutana nayo uso kwa uso. Wametoa `LoggerInterface` na pembeni yake `LoggerTrait`, ambayo inakuandikia methodi zote nane za viwango, kuanzia `emergency` hadi `debug`, na kukuachia kuandika `log` peke yake. Lakini walilazimika kuongeza sentensi inayokumbusha kwamba, kwa kuwa treiti haiwezi kutekeleza intafesi, bado klasi yako inapaswa kuitekeleza `LoggerInterface` yenyewe. Utaratibu rasmi unapolazimika kumkumbusha msomaji kwa maandishi jambo ambalo mashine ingeweza kulikagua, kuna kitu kimekosekana katika lugha.

Kilichokosekana ni kipi, hata hivyo? Kudai na kutunuku ni mambo mawili tofauti, nayo huchanganywa kila mara. Treiti inayodai intafesi inaiambia klasi: huwezi kunitumia mpaka wewe mwenyewe uwe umetia saini. Treiti inayotunuku intafesi inaiambia: ukinitumia, nimekutilia saini. Lugha ya Hack, iliyotokana na PHP huko Facebook na kutangazwa mwaka 2014, inaruhusu yote mawili, kwa kuwa treiti yake inaweza kuandika `require implements` na pia inaweza kuandika `implements`. Mimi ningechukua la kwanza na kuliacha la pili. Kichwa cha klasi ndicho mahali pekee ambapo msomaji anatazama ili ajue klasi hiyo imeahidi nini kwa ulimwengu. Treiti hutajwa ndani ya mwili wa klasi, mara nyingi tatu au nne kwa mstari mmoja, na kila moja inaweza kuwa inatumia treiti nyingine ndani yake. Ahadi zikianza kuingia kupitia mlango huo, anayetaka kujua kama `MapokeziYaChai` ni `InaStakabadhi` atalazimika kufungua faili tano, na siku mwandishi wa treiti akiongeza intafesi moja, klasi ishirini zitakuwa zimeahidi jambo jipya bila waandishi wake kuulizwa.

Atakayenipinga anaweza kunionyesha `Stringable`, na atakuwa ameshika mahali panapouma. Tangu PHP 8.0, klasi yoyote yenye `__toString()`, methodi ya kugeuza kitu kuwa maandishi, huhesabiwa kuwa imetekeleza intafesi hiyo hata kama haikuandika lolote, na hakuna aliyelia. Lakini `Stringable` ina methodi moja, yenye jina lililotengwa na lugha yenyewe, na yenye maana moja isiyobishaniwa. Majina tunayoyaunda sisi hayana bahati hiyo.

Turudi kwenye `kilo()`. Katika kahawa, mkulima anaweza kuleta kahawa mbivu, iliyochumwa asubuhi ileile, au akaleta kahawa kavu ambayo amekwisha kuimenya, kuiosha na kuianika nyumbani. Kilo tano hivi za mbivu ndizo hutoa kilo moja ya kavu. Tuseme klasi ya `MapokeziYaKahawaMbivu` ilikuwa na methodi ya `kilo()` muda mrefu kabla treiti haijatungwa, ikirudisha uzito wa mbivu, na kisha akaja mtu na treiti ya kukokotoa malipo ambayo nayo inadai `abstract protected function kilo(): float`, akiwa na maana ya kavu. Treiti inaingia bila mlio wowote. Jina linalingana, aina ya jibu inalingana, hitaji limetimizwa kwa bahati, na hesabu ya malipo imekosewa mara tano. Mashine haiwezi kulijua hilo, wala mimi sidai kwamba intafesi ingelijua. Ninachodai ni kwamba kama treiti ingedai intafesi inayoitwa, kwa mfano, `InaUzitoMkavu`, mtu angelazimika kufungua klasi ya mbivu na kuandika kwa mkono wake kwamba klasi hii ina uzito mkavu, na wengi wetu mkono ungesita hapo. Ni kweli pia kwamba kuiita methodi `kiloKavu()` kungetatua sehemu kubwa ya tatizo bila intafesi yoyote, na kwa kawaida ndilo jambo la kwanza ninalomshauri mtu.

Hata hivyo, ushahidi wenye nguvu kuliko yote, na unaokata pande zote mbili, uko ndani ya Laravel, fremuweki ambayo wengi wetu tunaifungua kila asubuhi. Humo kuna treiti inayoitwa `MustVerifyEmail`, na kuna intafesi yenye jina hilohilo, kila moja katika nafasi yake. Klasi mzazi ya mtumiaji, ile ambayo `User` ya mradi wako huirithi, tayari inaitumia treiti hiyo, kwa hiyo kila mtumiaji wa Laravel ana methodi zote za kuthibitisha barua pepe hata kama hajui. Lakini intafesi haikutekelezwa. Mtu anapojisajili, msimbo unaosikiliza tukio la usajili unauliza kama mtumiaji huyo ni `instanceof MustVerifyEmail`, ikimaanisha intafesi, na kama sivyo barua haitumwi. Uwezo unatoka kwenye treiti na uamuzi unatoka kwenye kichwa cha klasi yako. Sasa fikiria lugha ingeagiza kwamba kila treiti yenye intafesi ya jina lake ni lazima idai intafesi hiyo: mpangilio huu usingewezekana, na kila mradi ungelazimika kutuma barua za uthibitisho au kuiondoa treiti. Kwa hiyo wale wanaotaka dai liwe la lazima kwa treiti zote wamekosea, nami nasimama dhidi yao kwa uthabiti uleule.

Lakini itazame treiti hiyohiyo kutoka upande wa pili. Methodi yake ya kutuma uthibitisho inaita `$this->notify(...)`. `notify()` haimo ndani ya treiti, wala haimo katika klasi mzazi ya mtumiaji. Inatoka kwenye treiti nyingine, `Notifiable`, ambayo `User` ya mradi mpya huja nayo ikiwa imeandikwa tayari. Hakuna mstari wowote wa `abstract` unaoitaja. Mtu ambaye klasi yake imetekeleza ile intafesi, akiisafisha na kuiondoa `Notifiable` kwa kuwa "hatutumi arifa" hataonywa na chochote hadi mtumiaji mpya ajisajili, ndipo aambiwe methodi hiyo haipo. Hapa intafesi haihitajiki kabisa, kwani mstari mmoja wa `abstract public function notify($instance)`, pamoja na klasi mzazi ya mtumiaji kutangazwa nayo kuwa `abstract`, ungetosha. Treiti moja, basi, inatuonyesha mahali ambapo kudai intafesi kungeharibu na mahali ambapo kutodai chochote kunaacha shimo.

Kuna gharama nyingine ya kudai intafesi ambayo sisikii ikitajwa vya kutosha. Kila methodi ya intafesi ni `public`, yaani wazi kwa msimbo wote. Methodi ya `abstract` ndani ya treiti inaweza kuwa `protected` au `private`, ikimaanisha kwamba treiti na mwenyeji wake wanaweza kuwa na mazungumzo yao ya ndani ambayo dunia haiyasikii. Treiti inayotuma malipo ya mkulima kwa simu inahitaji klasi iipatie ufunguo wa siri wa kuingilia kwenye mfumo wa malipo. Hitaji hilo likigeuzwa kuwa intafesi, methodi inayorudisha ufunguo inalazimika kuwa wazi kwa kila mwenye kuishika klasi hiyo mkononi, pamoja na ile sehemu ya programu inayotengeneza ripoti, na ile inayogeuza vitu kuwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Nimekwisha kuona mifumo ambayo nusu ya methodi zake za wazi hazikuwa na mteja yeyote wa nje, ziliwekwa wazi kwa sababu tu intafesi ilidai. Hiki ndicho kipimo cha pili kinachonirudisha kwenye mpaka uleule: kama kitu hakitoki nje ya treiti, kisidaiwe kwa chombo kinachokitoa nje.

Lugha nyingine zimelishughulikia jambo hili kila moja kwa tabia yake. Scala humruhusu mwandishi wa treiti kutangaza aina ya `this`, Groovy ina alama ya `@SelfType`, na Dart, tangu toleo la 2.1, ina neno `on` linalosema mixini hii (kipande kinachofanana na treiti) ni ya warithi wa aina fulani tu. Rust huandika dai hilo kama treiti mzazi, ingawa treiti ya Rust iko karibu zaidi na intafesi yetu kuliko na treiti yetu, na kuilinganisha moja kwa moja na ya PHP huzaa maneno mengi yasiyo na faida. Ruby haidai chochote: ukichomeka `Enumerable` bila kuwa na `each`, utajua siku utakapoiita.

Sisi tunaobaki na PHP ilivyo hatukuachwa mikono mitupu. PHPStan, chombo kinachochanganua msimbo bila kuuendesha, kinatambua mstari huu juu ya treiti, na Psalm ina wa kwake unaofanana nao:

```php
/** @phpstan-require-implements InaStakabadhi */
trait HutoaStakabadhi
```

Klasi ikitumia treiti hiyo bila kuitekeleza `InaStakabadhi`, PHPStan inalalamika kabla msimbo haujaondoka kwenye kompyuta yako. Pia, na kwangu hili lina uzito zaidi, msimbo ulio ndani ya treiti hiyo unaweza kutegemea kwamba `$this` ni `InaStakabadhi`, kwa hiyo `$printa->andika($this)` ni salama katika kila klasi iliyopita ukaguzi huo. Ni maelezo ya pembeni, hilo sikatai, lakini ni maelezo yanayosomwa na mashine kila msimbo unapopelekwa. Udhaifu wake ni kwamba PHP yenyewe haiyaoni, na kwamba PHPStan huichanganua treiti kupitia klasi zinazoitumia, hivyo treiti ambayo bado haijapata mwenyeji haikaguliwi hata kidogo. Anayeandika maktaba ya treiti kwa ajili ya wengine atengeneze walau klasi moja ya majaribio inayoitumia.

Katika ukaguzi wetu, basi, mtu akileta treiti mpya tunatafuta kwanza kila mahali ambapo `$this` imesimama peke yake, bila mshale mbele yake: imepitishwa kama hoja, imerudishwa, au imewekwa ndani ya safu. Isipokuwepo hata moja, anaambiwa ataje mahitaji yake kwa `abstract`, `protected` au `private` kadiri inavyowezekana, na neno intafesi halizungumzwi. Ikiwepo, tunauliza upande wa pili unataka aina gani, na dai la aina hiyo linaandikwa juu ya treiti. `return $this` ya kuunganisha miito haituhangaishi maadamu jibu limetangazwa kuwa `static`, yaani la klasi ileile iliyoitwa, na kwa hiyo tunaipita.

Zikifika intafesi mbili zinazodaiwa na treiti moja, tunasimama. Treiti inayohitaji mwenyeji wake awe na stakabadhi na pia awe mlipwaji haisaidii tena klasi, bali inafanya kazi ya kitu kinachojitegemea kwa kujificha ndani ya mwili wa mwingine. Mwenzangu wa Iringa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivunja moja ya namna hiyo, akaitengenezea klasi ya kawaida inayopokea vitu hivyo viwili kupitia `__construct`, methodi inayoendeshwa kitu kinapoundwa, na mabishano yetu kuhusu treiti ile yakakosa mahali pa kusimama. Sasa tunabishana kuhusu jina la klasi hiyo.